Kumkalia Mtu Matanga Angali Hai

Picha yenyewe ilikuwa ya kawaida: tikiti mbili za sinema na pakiti ya bisi mkononi mwangu, nyuma yake kioo kikubwa ambacho bado kilikuwa cheupe. Niliiweka kwenye status ya WhatsApp Jumamosi jioni, kisha nikazima simu. Filamu ilipokwisha nikaiwasha na kukuta ujumbe wa shangazi yangu: "Mwanangu, mama yako kapona?"

Hakuwa amepona. Alikuwa kwenye wiki ya tatu ya mionzi kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi. Jioni ile alikuwa nyumbani kwangu Mbagala, amelala, mdogo wangu yuko naye. Jumamosi hakuna mionzi. Uji alikuwa amekwisha kunywa, dawa ya kichefuchefu amekwisha kumeza. Saa ile nisingeweza kumfanyia lolote zaidi ya kukaa pembeni ya kitanda nikimtazama anavyopumua. Shangazi aliyajua yote hayo, maana nilimpa taarifa kila siku. Hata hivyo niliifuta ile picha kabla sijatoka kwenye jengo, na kwa mwezi mzima uliofuata sikuangalia filamu, sikusikiliza taarabu, sikukaa barazani na wenzangu.

Simlaumu shangazi. Alitamka jambo ambalo wengi wetu tunaliamini kimoyomoyo: kwamba nyumba yenye mgonjwa wa saratani haina ruhusa ya kufurahi. Nimeishi na swali lake muda mrefu sasa, na nimefika mahali pa kusema kwamba imani hiyo inatuumiza. Inamuumiza anayeuguza. Inamuumiza zaidi anayeuguzwa, na huyo ndiye ambaye kila mtu anadai anamhurumia.

Tuanze na nyumba yenyewe. Kwetu Pwani msiba ukiingia, redio huzimwa, televisheni hufunikwa kanga, viti hutolewa nje na mikeka hutandikwa. Watu huongea kwa sauti ya chini. Ni ustaarabu mzuri, na una kipimo chake, kwa sababu matanga yana siku ya kuanuliwa. Siku hiyo ikifika, watu wazima humwambia mfiwa kwamba sasa inatosha: rudi shambani, fungua duka, mpeleke mtoto shule.

Majibu ya kipimo cha nyama, kile cha kuthibitisha saratani, yanapotoka tunafanya yaleyale. Siku niliyorudi na mama kutoka kuchukua majibu, jirani mmoja aliyekuja kutupa pole aliokota rimoti mezani, akapunguza sauti, halafu akazima kabisa. Hakuwa amefikiri, mkono wake ulijua wenyewe la kufanya. Ndugu walioingia baada yake walikaa chini ingawa viti vilikuwepo. Kisha wakaanza kumzungumzia mama, naye yuko palepale, amejiegemeza ukutani: "Alikuwa mchangamfu sana huyu." Alikuwa! Mama akainamisha kichwa, akaanza kukunja pindo la kanga yake. Tofauti ya hali ile na msiba ilikuwa moja tu. Matanga yetu hayakuwa na siku ya kuanua.

Hebu hesabu siku zenyewe. Saratani ya aina ya mama hutibiwa kwa mionzi ya nje siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa takriban wiki tano. Ni safari 25 au zaidi kidogo. Mara moja kwa wiki huongezwa dripu ya sisplatini, dawa inayozidhoofisha seli za saratani ili mionzi izipige vizuri. Kisha huja mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huingizwa mwilini karibu kabisa na uvimbe kwa dakika chache, kikatolewa, na mgonjwa akarudi tena siku nyingine. Kabla ya yote hayo kuna miezi ya vipimo, na baada yake kuna kliniki kila baada ya miezi michache kwa miaka kadhaa. Kwa mama, tangu damu ya kwanza isiyo ya kawaida hadi siku ya mwisho ya mionzi, tulikaa miezi minane. Mashine humshika mgonjwa dakika chache tu kwa siku. Saa nyingine zote anaziishi akiwa nyumbani, na tunachomwekea humo ndani ya nyumba ndicho maisha yake. Je, ni miezi minane ya televisheni iliyozimwa?

(Na kwa kuwa nimeitaja saratani hii, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake Tanzania, niseme hili kabla sijaendelea: wasichana wa miaka 9 hadi 14 wanachanjwa bure dhidi ya kirusi kinachoisababisha, na dozi ni moja. Mwenye binti asingoje.)

Mama alitibiwa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Jengo lile la zamani lilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, na taasisi ya saratani ilianzishwa kwa sheria mwaka 1996. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa mahali pekee nchini penye mashine za mionzi, hadi hospitali ya Bugando ya Mwanza nayo ilipoanza, kwa hiyo pale utakutana na watu kutoka Kigoma, Songea, Mtwara, watu walioacha mashamba na watoto kwa miezi. Upande wa pili wa barabara ni bahari. Asubuhi moja nilimkuta mzee aliyetoka mbali sana na mkewe akicheza drafti na kijana asiyemjua, kete zao ni vizibo vya soda, na alikuwa amezama mchezoni kabisa. Mkewe alikuwa ndani akisubiri zamu. Nilimsalimu, nikampa pole. Bila kuondoa macho kwenye ubao akasema: "Nikikaa mle ndani kutwa nzima, mwenzangu anashinda ananiangalia mimi uso. Anahesabu makunyanzi yangu. Nikitoka hapa narudi na habari ya kumpa, hata kama ni ya kufungwa drafti."

Sentensi hiyo ilinifunza zaidi ya vipeperushi vyote nilivyosoma. Mgonjwa anatusoma. Sura zetu ndizo majibu ya maabara anayoyapata kila saa. Ukiingia chumbani umeununa, anaelewa kwamba daktari kakuambia jambo ambalo yeye hakuambiwa. Unadhani unamheshimu kwa huzuni yako, kumbe unampa mzigo wa pili, wa kukufariji wewe. Nilimwona mama akiifanya kazi hiyo. Mtu ametoka kutapika, anajifuta mdomo, anaanza kumbembeleza dada yake anayelia mlangoni: "Basi, basi, nitapona." Ndugu yangu, nani hapo anauguzwa?

Halafu kuna suala la jina. Mtaani kwetu mama alikuwa mama wa fulani, bibi wa fulani, fundi wa ukili, zile kanda za miyaa zinazoshonwa kuwa mikeka, shabiki wa filamu za Kihindi tangu usichana wake Tanga, wakati majumba ya sinema yalipokuwa yakijaa watu waliovaa vizuri Jumapili. Baada ya majibu akawa "mgonjwa". Mgonjwa anaendeleaje? Mgonjwa kala? Mpishe mgonjwa. Kila neno lilisemwa kwa mapenzi, na kila neno lilifuta kitu. Unapomwekea filamu aliyoipenda akiwa na miaka kumi na tisa, akaanza kuimba nyimbo ambazo hajui maana ya maneno yake lakini anajua kila kituo, unamrudishia jina. Ndiyo maana nasema burudani katika nyumba ya mgonjwa haipaswi kuhesabiwa pamoja na anasa.

Wako watakaosema ninaleta uzungu, kwamba mila zetu zinataka utulivu mbele ya ugonjwa. Hilo si kweli, angalau si kweli yote. Pwani hii tumewahi kumzunguka mgonjwa kwa ngoma usiku kucha. Ngoma za kupunga pepo zilikuwa na mganga, wapigaji, waimbaji, chakula, majirani, na katikati yake mtu mmoja anayeumwa ambaye kijiji kizima kilikesha kwa ajili yake kwa kelele na midundo. Simwambii mtu ampeleke mgonjwa wa saratani kwenye ngoma. Wapo waliopoteza miezi huko na kufika hospitali uvimbe umekwisha sambaa, na hilo linaniuma. Ninachosema ni kwamba wazee wetu hawakuona mgongano kati ya ugonjwa mzito na wimbo. Ukimya huu tunaouita mila tumeukopa kutoka msibani, tukauleta mahali ambapo hapajafiwa.

Sasa niseme la fedha, kwa sababu naona ndiko mzizi uliko.

Kundi la familia la WhatsApp lilifunguliwa usiku uleule wa majibu. Watu walichanga, na Mungu awalipe. Binamu yangu mmoja aliuza mbuzi. Mjomba mmoja alituma elfu tano kila Ijumaa bila kukosa, na najua hiyo elfu tano ilipunguzwa kwenye nini. Bila kundi lile mama asingemaliza tiba. Nauli peke yake ingetushinda. Lakini mchango una macho. Aliyechanga anataka kuona fedha yake imekwenda kwenye dawa na usafiri, na ana haki hiyo. Nilikuwa nikipiga picha kila risiti na kuiweka kwenye kundi. Tatizo linaanza anapotaka kuona na huzuni pia, kama stakabadhi. Anaitafuta kwenye picha zako, kwenye nguo uliyovaa, kwenye sauti inayosikika nyuma unapopokea simu. "Nasikia muziki hapo. Mko wapi?"

Kifurushi cha mwezi cha king'amuzi kilikuwa chini ya nauli ya bajaji ya siku mbili za kwenda na kurudi hospitali. Nilikilipa kwa mshahara wangu. Hata hivyo kwa wiki kadhaa niliishi kama mwizi nyumbani kwangu: wageni wakibisha hodi, nakimbilia rimoti. Siku moja mama, akiwa amejifunika shuka hadi kidevuni, alinitazama nikizima tamthilia ya Kituruki katikati ya sentensi, akauliza, "Kwani tumeiba?"

Hatukuwa tumeiba. Tulikuwa tumechangiwa, na katika nchi ambayo matibabu makubwa yanategemea mchango, anayechangiwa huwajibika kuonekana ameelemewa muda wote. Mwenye bima nzuri aliyelazwa chumba cha peke yake anaangalia mpira kwenye simu yake na hakuna anayemuuliza kitu. Masikini ndiye anayedaiwa machozi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na ikitekelezwa kama ilivyoandikwa, mojawapo ya faida zake haitahesabika kwenye bajeti yoyote: matibabu yakiwa haki ya mtu, hatadaiwa tena uso wa majonzi kama malipo yake. Hadi hapo, nawaomba wanaochanga, nami mwenyewe huchangia wengine, tuulize kuhusu risiti. Sauti ya redio tuiache.

Jambo lingine sitalizunguka. Wiki ileile niliyofuta picha yangu ya sinema, kaka yangu alikwenda kibanda umiza kuangalia Simba na Yanga, akarudi saa tatu usiku na jezi yake mwilini, sauti imekauka kwa kushangilia. Alikula, akamsalimu mama, akalala. Hakuna aliyemwandikia ujumbe. Nilipolisema hilo kwa shangazi alinijibu kwa upole, akiamini kila neno: "Huyo mwanamume, mwache apumue kidogo." Nami sikatai, apumue. Kaka alikuwa akibeba mama mgongoni kushuka ngazi siku ambazo miguu ilikataa. Alistahili dakika tisini zake. Ila pumzi hiyo inagawiwa kwa jinsia. Binti, mke, dada, hao ndio wanaokesha, wanaoosha mashuka, wanaojua saa ya kila kidonge, na ndio wasiotakiwa kuonekana wakicheka. Mwanamke anayeuguza akisuka nywele tu, mtaa unajadili.

Kiswahili chenyewe kina onyo ambalo hatulisikii. Neno kuuguza limezaliwa na kuugua. Maneno haya mawili yameachana kwa silabi moja, na mtu aliyekaa na mgonjwa miezi minane anajua umbali wao si mkubwa. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani Richard Schulz na Scott Beach walitoa matokeo ya kuwafuatilia wazee walioishi na wenza wao kwa takriban miaka minne. Waliokuwa wakiuguza wenza wao huku wakielemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wazee wasiokuwa na wa kuuguza. Waliouguza bila kuelemewa hawakuonyesha ongezeko la namna hiyo. Walikuwa wazee, tena wa nchi ya mbali, na siwezi kuichukua namba hiyo nikaibandika Mbagala. Lakini tofauti kati ya makundi hayo mawili naielewa vizuri mwilini mwangu. Mwezi ule niliojinyima kila kitu nilipungua kilo nne, nilisahau tarehe ya kliniki moja, na siku moja nilimfokea mama kwa sababu ya uji uliomwagika. Mwanamke mwenye saratani, nimemfokea kwa uji. Hakuna picha ya sinema ambayo ingemuumiza kama sauti ile.

Utafiti mwingine naupenda zaidi kwa sababu ya jinsi ulivyobadilishwa na wenyewe waliokuwa wakichunguzwa. Susan Folkman na wenzake, San Francisco miaka ya 1990, wakati UKIMWI ulipokuwa ukiua bila dawa za kueleweka, waliwafuatilia wanaume waliokuwa wakiwauguza wenzi wao. Waliwauliza kuhusu shida: jambo gani limekusumbua zaidi wiki hii? Haukupita muda wahojiwa wakalalamika. Walisema mnatuuliza mabaya tu, mnakosa sehemu kubwa ya maisha yetu. Tuulizeni na mazuri. Watafiti wakaongeza swali hilo, na karibu kila mhojiwa alikuwa na jibu: mlo uliopendeza, neno la rafiki, ua lililochanua. Furaha haikuwa imesubiri huzuni iondoke ndipo iingie. Vyote viwili vilikaa chumba kimoja, mara nyingi siku moja. Shida na watazamaji wa nje, tukiwemo sisi ndugu na majirani, ni kwamba bado tunauliza swali lile la kwanza peke yake.

Kwa watoto tunalielewa hili bila kufundishwa. Katika wodi ya watoto wenye saratani pale Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha limeweka michezo na masomo kuwa sehemu ya huduma. Hakuna mgeni atakayemkuta mtoto mwenye dripu akipaka rangi karatasi akasema mtoto huyu hajui kwamba anaumwa, wala kumshutumu mama yake kwa kucheza naye. Tunajua mchezo ndio unaomfanya abaki mtoto. Sioni kwa nini mtu akifika miaka hamsini na nane tunaamini kilichobaki ndani yake ni ugonjwa peke yake.

Nilichojifunza kwa vitendo ni kwamba kupumzika pamoja na mgonjwa nako kunataka akili. Siku mbili tatu baada ya dripu, mama hakutaka kitu: harufu ya kitunguu kutoka jikoni kwa jirani ilitosha kumtapisha, na mwanga wa televisheni ulimchosha. Siku hizo ukimya ulikuwa wake, yeye ndiye aliyeuchagua, tukauheshimu. Uchovu wa mionzi nao hujikusanya. Wiki ya kwanza aliangalia filamu nzima ya saa tatu, wiki ya nne hakufika nusu saa. Tukahamia tamthilia zenye vipande vifupi, zilizotiwa sauti ya Kiswahili ili asihangaike na maandishi. Wakati mwingine alipoteza mkondo wa hadithi, akauliza mara tatu yule ni nani, nikamjibu mara tatu. Dawa hizi humpunguzia mtu umakini na kumbukumbu, na ukilijua hilo hukasiriki.

Ukili ulimuuma zaidi. Amesuka ukili tangu akiwa na miaka saba. Sisplatini inaweza kuleta ganzi kwenye ncha za vidole, na ganzi ilipomjia, chane za miyaa zilianza kumponyoka. Alijaribu siku mbili, ya tatu akauweka kando akageukia ukutani. Hapo ndipo nilipomwona analia kwa mara ya kwanza tangu majibu. Hakulia kwa sababu ya kifo, alilia kwa sababu ya mkeka. Nilimweleza muuguzi, akanifahamisha kwamba ganzi hiyo daktari anatakiwa kuijua, tuitaje kila kliniki. Nyumbani mwanangu wa miaka tisa akawa anasuka yeye, bibi anaelekeza kwa mdomo: bana, pindua, vuta. Ule ukili wa mtoto umepinda vibaya na mama hajakubali ushonwe kwenye mkeka wowote. Ameutundika mlangoni.

Jirani mmoja aliniuliza kama siogopi kumkalisha mtoto karibu na mtu aliyechomwa mionzi. Mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini. Mgonjwa akitoka chumbani mule hana cha kumwambukiza mtu, hata mjukuu wa mapajani. La kuchunga ni kinyume chake. Dawa za dripu zinaweza kushusha chembe nyeupe za damu, na mgonjwa akiwa hivyo yeye ndiye anayepaswa kulindwa na mafua ya watu. Kwa hiyo kibanda umiza chenye watu mia na dirisha moja hakikumfaa mama, wala harusi ya ukumbini. Sinema ikaja nyumbani, kwenye flashi, na mwenye kikohozi akaambiwa bila aibu abaki barazani.

Nitakuwa sikusema ukweli nikisema kila starehe ni njema. Filamu haiui seli ya saratani. Mionzi ndiyo iliyofanya kazi hiyo, na anayemwambia mgonjwa "wewe cheka tu utapona" anamtwisha lawama siku uvimbe utakaporudi. Tena ipo starehe ya kukimbia. Katika ukoo wetu yupo mtu ambaye kila mama alipohitaji wa kumsindikiza alikuwa na mechi, na kila alipoombwa kulala na mgonjwa alisema moyo wake hauwezi kumwona katika hali ile. Moyo wake uliweza kila kitu kingine. Nimejiuliza tofauti yake na yule mzee wa drafti ni ipi, maana wote wawili walikuwa wakicheza. Nadhani ni kwamba yule mzee alicheza mahali ambapo angeitwa na kusikia. Mkewe alijua yuko wapi, na alijua atarudi na habari.

Siku tatu kabla ya mionzi ya ndani ya mwisho, mama alisinzia katikati ya sehemu muhimu sana ya tamthilia yetu. Ilikuwa usiku ambao hatimaye siri ya yule bibi mkubwa inafichuka. Nilipunguza sauti, nikamfunika shuka, nikasema nitazima. Sikuzima. Niliangalia sehemu ile hadi mwisho, kisha na iliyofuata, nimekaa sakafuni mgongo umeegemea kitanda chake, namsikia anavyopumua juu ya kichwa changu. Yalikuwa masaa mazuri kuliko yote niliyoyapata mwaka ule.

Asubuhi nilipokuwa nikimvika viatu vya kwenda hospitali aliniuliza tuliishia wapi. Nilishindwa kudanganya uso kwa uso, nikamwambia nimeziona zote mbili. Akauvuta mguu wake kutoka mkononi mwangu, akavaa kiatu mwenyewe kwa vidole vyake vya ganzi, taratibu, hadi kikaingia. "Miezi yote hii," akasema, "nimekuvumilia uji usio na sukari, nimekuvumilia kuniamsha saa kumi. Leo unaangalia bila mimi?"

Hakuzungumza nami hadi tulipopita Kariakoo. Hapo aligeuka akaniambia nianze kumsimulia, nisiruke kitu.